Morris Minor lililoshushwa kabla ya kupimwa: uchambuzi wa kisa

## Kisa na mipaka yake

Gari la kisa hiki ni Morris Minor 1000 la milango minne, toleo la injini ya 1098 cc lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1962. Mwenye gari alitaka hotirodi, yaani gari la zamani lililofungwa injini yenye nguvu zaidi, likalazwa karibu na barabara na kuvishwa rimu pana. Kazi ilifanyika Dar es Salaam, ikapita mikononi mwa gereji mbili. Mimi niliitwa na gereji ya pili kukagua na kushauri, nikawa na gari hilo mpaka lilipoingia barabarani. Yaliyotokea kwenye gereji ya kwanza nimeyapata kwa mwenye gari, kwa fundi mmoja aliyekuwepo, na kwa gari lenyewe, maana chuma kilichokatwa huonyesha kilivyokatwa.

Majina, namba za usajili, makazi na rangi ya gari nimeviondoa. Mwenye gari ameridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya mafundi vijana, na ni kwa hao ninaandika.

## Gari, na kilichotakiwa

Morris Minor ni kazi ya Alec Issigonis, yule aliyekuja kubuni Mini. Lilizinduliwa Uingereza mwaka 1948, na ndilo gari la kwanza la Kiingereza kutengenezwa zaidi ya milioni moja. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza hadi 1961, magari haya yalifika kwetu, na mpaka leo unaweza kukuta moja nyuma ya nyumba ya zamani, limekaa juu ya matofali. Hili lilikuwa la baba mkubwa wa mwenye gari. Injini ilikuwa imeganda, viti vimeliwa na panya, lakini paa na milango vilikuwa vizima kwa namna ya kushangaza katika mji wenye hewa ya chumvi kama wetu.

Picha alizokuwa nazo mwenye gari kwenye simu zilikuwa za Ford ya 1932. Asili ya picha hizo inahitaji kuelezwa, kwa sababu nusu ya matatizo ya kisa hiki yalianzia hapo. Hotirodi zilianza Kusini mwa California. Katika miaka ya 1930 vijana wa kule walikuwa wakinunua Ford za bei nafuu, wakavua madigadi na kila kizito kisicho cha lazima, wakaenda kushindana kwa kasi kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka, kama Muroc. Chama chao cha kusimamia mashindano, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Ford ya 1932 ilipendwa kuliko zote kwa sababu ilikuja na V8 ya lita 3.6 yenye nguvu farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Walilishusha gari ili likate upepo na ili kitovu cha uzito kiwe chini.

Kitanda cha ziwa lililokauka hakina tuta. Halafu Ford ya 1932 ina chasisi inayojitegemea, kwa hiyo fundi anaweza kunyanyua bodi, akaikata sakafu na kuishusha ikumbatie chasisi, na magurudumu yakabaki pale pale. Saluni ya Morris Minor haina chasisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango na mihimili iliyochomelewa chini yake ndivyo vinavyobeba injini, springi na abiria. Ukikata hapo kwa kufuata picha ya Ford, umekata uti wa mgongo.

## Gereji ya kwanza

Gereji ya kwanza ilikuwa na fundi bodi mzuri sana, na nalisema hili kwa heshima, kwa sababu milango aliyoinyoosha inafunga mpaka leo kwa mguso wa kidole. Tatizo lilikuwa mpangilio wa kazi. Bodi ilinyooshwa, ikapigwa puti, ikapigwa rangi ya mwisho, ndipo injini ikaanza kutafutwa.

Injini ilipatikana kwenye maduka ya spea zilizotumika ya Shaurimoyo: Toyota 5K ya 1486 cc iliyotolewa kwenye Lite Ace. Uchaguzi huo si mbaya. 5K ni injini nyepesi ya karabureta, imekaa kwa urefu kama ya Morris, inavuta magurudumu ya nyuma, na spea zake fundi yeyote Dar anazijua. Lakini kwenye Lite Ace injini hiyo hukaa chini ya kiti, na ili itoshe imelazwa upande. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kichujio cha kunyonyea oili ndani yake, na mguu wa karabureta vyote vimetengenezwa vikae sawa injini ikiwa imelala. Handaki la giaboksi la Morris ni jembamba, kwa hiyo fundi aliisimamisha injini wima. Upande mmoja wa sampu ukaning'inia chini kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na karabureta ikainama.

Kisha wakashusha. Nyuma, Morris lina springi za majani, na fundi alitoa majani kadhaa kila upande mpaka gari likakaa chini kama alivyotaka mwenyewe. Mbele hakuna koili wala majani. Kuna fimbo za tosheni, vyuma virefu vinavyolala chini ya sakafu na kujisokota gurudumu linapopanda. Ukichomoa fimbo na kuirudisha meno machache pembeni, gari linashuka. Ilichomolewa ikarudishwa kwa kukadiria kwa macho, kulia na kushoto havikulingana, na pua ya gari ikainamia upande wa dereva.

Umeme ulichukua siku chache ukaleta hasara yake. Morris hutoka kiwandani na dainamo, na bodi yake imeunganishwa kwenye upande chanya wa betri. Injini ya Toyota inakuja na alternata inayotaka bodi iwe hasi. Fundi umeme alifuata waya za zamani kama alivyozikuta, akafunga betri chanya kwenye bodi, na diodi za alternata zikaungua mara gari lilipounganishwa. Ilinunuliwa alternata nyingine, betri ikageuzwa, lakini taa za dashibodi zikabaki zinawaka na kuzima bila mpangilio. Hili litarudi.

## Safari ya kwanza

Gari lilitolewa Jumapili, watu wanne ndani. Mwenye gari anakumbuka kwamba kwenye tuta la kwanza Sinza lilisugua, la pili likasugua, na la tatu likagonga. Alishuka akachungulia chini, hakuona oili ikivuja, akaendelea. Taa ya oili iliwaka. Lakini taa hiyo ilikuwa imewaka na kuzima tangu asubuhi, naye aliambiwa ni waya. Akaendesha hivyo kuelekea Magomeni, na kabla ya kufika injini ikaanza kugonga.

Injini ilipofunguliwa ilionekana kilichotokea. Sampu ya 5K ni ya bati lililokandamizwa, haipasuki kwa urahisi. Ilibonyea kwa ndani, bati likaegemea mdomo wa kichujio cha kunyonyea oili, na pampu ikakosa cha kuvuta. Oili ilikuwemo yote, sakafu ya barabara kavu, na beringi za krenki zikala bila kilainishi. Fundi anayengoja kuona oili chini ndipo aamini kwamba sampu imeumia hatauona ugonjwa huu. Alama yake ni taa au geji ya presha, na ndiyo maana taa hiyo haitakiwi kuachwa mbovu hata siku moja.

## Gereji ya pili: kusimama na kupima

Mwenye gari alipoleta gari alitaka injini ibadilishwe na sampu ikingwe kwa bamba la chuma. Fundi mkuu wa gereji ya pili alikataa kugusa injini kabla ya kujibu swali moja: gari hili likae sentimita ngapi kutoka barabarani, likiwa limebeba watu wanne na tangi limejaa, kwenye njia ambazo mwenyewe atapita? Naamini uamuzi huo ndio uliookoa kazi yote.

Morris katika hali yake ya asili lilikuwa na sentimita 17 hivi chini ya sehemu yake ya chini kabisa. Gereji ya kwanza ilikuwa imelifikisha 8 upande wa sampu. Mwenye gari alitaka libaki hapo. Badala ya kubishana, fundi mkuu alichukua Toyota Vitz la kizazi cha kwanza lililokuwa pale gereji, akafunga kipande cha ubao mwembamba chini ya tumbo, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kikining'inia umbali uliopimwa kutoka chini. Wakazunguka na mwenye gari mwenyewe kwenye njia zake: nyumbani, dukani, kanisani, ufukweni. Vitz hilo lina sentimita 237 kati ya ekseli na ekseli, Morris lina 218. Gari lenye umbali mrefu zaidi huumia tumbo kwenye tuta kuliko fupi, kwa hiyo tuta ambalo ubao wa Vitz umelivuka, tumbo la Morris litalivuka.

Ubao ukiwa sentimita 9 ulivunjika mapema. Ukiwa 12 ulivuka kila mahali isipokuwa tuta moja ambalo wananchi wamelijenga wenyewe kwa zege, nalo lina njia ya kulikwepa. Wakakubaliana 12, gari likiwa na mzigo.

Kipimo cha tumbo peke yake hakitoshi, na hapa nilisisitiza. Sampu haiko katikati ya gari, iko karibu na magurudumu ya mbele. Kinachoipeleka chini ni springi kubonyea baada ya gurudumu kushuka upande wa pili wa tuta. Kwa hiyo walipima pia nafasi ambayo gurudumu la mbele linaweza kupanda kabla ya kugota kwenye raba ya kulizuia, wakatoa nafasi hiyo kwenye zile 12, na wakataka sampu ibaki na chochote hewani hata raba ikiwa imebonyea kabisa. Jibu likawa kwamba sampu ya Lite Ace, hata ingenyooshwa vipi, haiwezi kukaa kwenye gari hili.

## Kazi yenyewe

Jibu la sampu lilitoka kwenye foklifti. Injini za 5K zilifungwa pia kwenye foklifti za Toyota, na humo zinasimama wima. Katika mji wa bandari na maghala kama Dar, foklifti iliyokufa haikosi. Ilipatikana sampu, kichujio chake na mguu wa karabureta vya injini ya wima, vikafungwa kwenye 5K nyingine. Kichujio lazima kiende na sampu yake. Kuna mafundi hubadilisha sampu wakaacha kichujio cha zamani, kikabaki juu mno kikanyonya hewa kwenye kona, au chini mno kikaziba. Injini ilisogezwa nyuma na juu kidogo, sampu ikawa juu ya mhimili wa mbele badala ya chini yake.

Kabla ya hapo bodi ilifunguliwa chini, na rangi nzuri ya gereji ya kwanza ikaungua kwenye vizingiti wakati wa kuchomelea, kwa sababu chini ya puti kulikuwa na kutu. Kutu ilikuwa mahali ambapo Morris zote huanza kuoza: vizingiti, ncha za mhimili unaoshika fimbo za tosheni, na pale springi ya nyuma inaposhikwa kwa mbele. Bati lilikatwa mpaka kwenye chuma kizima, likachomelewa jipya kwa mashine ya waya, vipande vifupi vifupi kwa kuruka ili bati lisijikunje. Rangi ililipiwa mara ya pili.

Springi za nyuma zilirudishiwa majani yake yote, na gari likashushwa kwa vipande vya chuma vilivyochongwa Gerezani na kuwekwa kati ya springi na ekseli, pamoja na yuboti, boti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, ndefu zaidi. Kila kipande kilikuwa na tundu chini na pini juu, ili kichwa cha boti ya katikati ya springi kiingie kwenye tundu, pini iingie kwenye ekseli, na ekseli isitembee. Nimeona magari yaliyowekewa ubao mgumu mahali hapo. Ubao hukauka na kupasuka, yuboti zinalegea, na ekseli inahama dereva akiwa kwenye mwendo.

Mbele, tosheni zilipimwa pembe kwa kulia na kushoto kabla ya kurudishwa. Hapa ndipo kilipoonekana kitu kilichonitisha kuliko yote. Gurudumu la mbele la Morris hugeuka juu ya viungo viwili vyenye nyuzi kama za boti, cha juu na cha chini, vinavyotegemea grisi kwa asilimia mia. Kikikosa grisi nyuzi huliwa, na siku moja kiungo kinachomoka, gurudumu linalala chini ya gari. Kiungo cha chini cha kushoto kilikuwa kimebaki na nyuzi chache sana. Gari lilikuwa limepigwa rangi, limefungwa injini, limebeba watu wanne kwenye matuta, na hakuna aliyekuwa amefungua grisi nipo, kile kichwa cha kupigia grisi, hata moja. Viungo vyote vinne viliagizwa vipya kutoka Uingereza, ambako spea za Morris bado zinatengenezwa.

Rimu zilileta mtego ambao mafundi wengi hapa hawaujui. Matundu manne ya Morris yako kwenye duara la milimita 101.6, yaani inchi nne kamili. Rimu zilizojaa Dar, za Vitz, IST na ndugu zao, ziko kwenye duara la milimita 100. Tofauti ni milimita 1.6, na rimu inaingia ukilazimisha. Gereji ya kwanza ililazimisha. Nati hazikukaa kwenye kiti chake, ziliegemea upande mmoja, stadi, boti zinazoshika rimu, zikavutwa kwa pembeni, na gari lilipofika gereji ya pili nati tatu zililegea kwa mkono. Suluhisho lilikuwa la kizamani: rimu za asili za Morris zilikatwa, vitovu vyake vikachomelewa ndani ya duara pana zaidi la inchi 14, kisha kila rimu ikazungushwa kwenye mashine ya kuchongea vyuma na kupimwa isipepesuke. Kazi hii inataka mchomeleaji anayeaminika na mshono unaokaguliwa ndani na nje. Mbili zilikataliwa zikarudiwa.

Rimu hizo ndizo zilizomridhisha mwenye gari kuhusu zile sentimita 12. Macho ya mtu aliyesimama pembeni hayapimi umbali wa tumbo na lami. Yanapima pengo kati ya tairi na digadi. Tairi lilipojaza pengo hilo, na bampa zikavuliwa, gari lilionekana limelala kuliko lilivyokuwa kwenye sentimita 8 na tairi jembamba.

Alitaka pia paa likatwe lishuke, kama Ford za picha. Gereji ilimkatalia, nami naona ilifanya vyema. Ukishusha paa unahitaji kioo cha mbele kifupi zaidi, na kioo cha Morris la toleo hili ni kimoja kilichopinda. Kioo kilichokazwa kwa moto hakikatiki, kinasambaratika chote. Kioo cha matabaka ndicho kinachokatika, nacho kingebidi kitengenezwe mahsusi kwa mpindo huo. Na kwenye gari lisilo na chasisi, nguzo za paa nazo zinabeba.

Umeme ulivuliwa wote ukafungwa upya, bodi ikiwa hasi, na geji ya presha ya oili yenye mshale ikawekwa mbele ya macho ya dereva.

## Karatasi

Sehemu hii ni fupi ila ilichelewesha gari kuliko kuchomelea. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu, kwa hiyo ilibidi mirathi ikamilike kwanza. Kadi ya gari hubeba namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini na rangi, na matatu kati ya hayo yalikuwa yamebadilika, kwa hiyo taarifa zilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato, zirekebishwe. Injini ya kwanza ilinunuliwa bila risiti, na isingeweza kuelezwa ilikotoka. Ya pili ilinunuliwa kwa risiti yenye namba yake. Gari lilipelekwa kukaguliwa na trafiki, na kampuni ya bima ikaelezwa mabadiliko yote kwa maandishi, maana bima iliyokatwa kwa Morris la 1098 cc inaweza kugoma kulipa ikigundua lililogonga ni la 1486 cc.

## Matokeo

Gari linatembea. Linapita matuta yote ya njia yake bila kugusa, likiwa na watu wanne, isipokuwa lile la zege. Presha ya oili iko imara. Kwenye foleni ya mchana ya barabara ya Mandela joto hupanda, na feni ya umeme ya rejeta hufanya kazi karibu muda wote. Rejeta yenyewe ni ya gari la Kijapani, ndiyo iliyotosha nyuma ya grili. Kipindi cha masika mwenye gari halitoi, na nakubaliana naye, kwa sababu silinda kuu ya breki ya Morris iko chini ya sakafu ndani ya mhimili, na maji ya bonde la Jangwani yakijaa hayachagui.

Gharama iliyopotea ni kubwa: injini nzima, alternata, rangi ya kwanza, na seti ya rimu za kununua.

## Uchambuzi

Kosa la kiufundi lililokuwa la msingi ni la springi, na linarudiwa mjini kila siku, hivyo nitalikalia. Ukilishusha gari, unapunguza nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya kugota. Nafasi ikipungua, springi inatakiwa iwe ngumu zaidi ili itumie vizuri kidogo kilichobaki. Ukitoa majani umefanya kinyume: umeshusha na umelainisha kwa wakati mmoja. Gari lenye watu wanne linabonyea lote, linagota kwenye raba, na kila tuta linapigwa na bodi. Majani yaliyobaki hubeba mzigo wa yaliyotolewa, na jani kuu huvunjika. Isitoshe, springi ya majani ndiyo inayoishika ekseli isijizungushe injini inapovuta, na injini iliyofungwa ilikuwa na nguvu zaidi ya ile ya asili, kwa hiyo ekseli ilikuwa ikijipinda kila klachi ilipoachiwa. Kipande cha chuma kati ya springi na ekseli kinashusha gari bila kubadili ugumu. Tosheni nazo, ukigeuza meno, hubadili kimo peke yake. Ugumu unabaki ule ule. Ndiyo maana mbele gari lilikuwa linagota ingawa hakuna kilichokatwa: kimo kilishuka sana bila fimbo nene zaidi.

Mpangilio wa kazi ndio uliogeuza kosa la springi kuwa hasara kubwa. Rangi ikitangulia, kila mtu baada yake anaogopa kukata. Gereji ya kwanza haikuchimba vizingiti kwa sababu juu yake tayari kulikuwa na kazi nzuri. Gereji ya pili ilifunga gari lote likiwa bati tupu, injini, rimu, moshi, usukani, ikaendesha hivyo hivyo ndani ya uwanja wao, ikafungua tena, ndipo ikapeleka kwa rangi. Kufunga mara mbili kunaonekana kupoteza muda. Kwenye gari ambalo hakuna kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kingine, ni lazima.

Ubao wa Vitz ulifaa kwa sababu ulimpa mwenye gari ushahidi aliouona mwenyewe. Mabishano ya kimo yalikuwa yameendelea kwa wiki nzima na yakaisha ule ubao ulipovunjika.

Usukani haujamalizika. Gari liliposhushwa, pembe ya tai rodi, fimbo inayogeuza gurudumu, ilibadilika, na gurudumu moja likipanda tuta usukani unajivuta kidogo upande huo. Alaimenti ilipigwa na ikapunguza, haikuondoa. Kilichobaki ni kurekebisha kimo cha reki ya usukani.

Breki ni jambo ambalo sikukubaliana nalo na bado sikubali. Gereji ya pili ilibakiza dramu za inchi 8 za mbele, ikafunga viatu, hozi na silinda mpya. Dramu hizo zilitosha gari la 1098 cc, na kwa mwendo wa mjini zinasimamisha hili vizuri. Lakini mfumo wa Morris ni wa njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Nilipendekeza silinda kuu ya njia mbili, mbele na nyuma zikiwa mbalimbali, ihamishiwe ukutani juu ya pedali ambako maji hayafiki. Fundi mkuu aliona kutengeneza pedali mpya kwa mkono kunaongeza hatari nyingine, na hoja yake ina uzito, kwa kuwa pedali iliyochomelewa vibaya nayo hukatika. Mwenye gari aliamua kubaki na ya zamani, asizidi kilomita 80 kwa saa, na mabomba yakaguliwe kila oili inapobadilishwa. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na nusu-ekseli bado ni za Morris, na katika ukaguzi wa mwisho upande wa kulia ulikuwa umeanza kutoa mlio wakati wa kuondoka. Ekseli nzima ya Corolla la zamani la kuvuta nyuma imeshapatikana na inapimwa upana, na kwa kuwa lazima mabomba ya breki ya nyuma yafunguliwe ili iingie, silinda ya njia mbili itajadiliwa tena hapo.